Tupeane uzoefu: ulikutana na nini njiani Mlima Meru, hata kama hukufika juu

MamaTengeru
Habari zenu wana Arusha na Moshi. Mimi nimezaliwa Tengeru na ndo naishi hapo mpaka leo, Meru nimeuona kila siku ya maisha yangu, nikianika nguo uko pale, nikisubiri kifodi uko pale, ukivaa wingu najua leo nitoe sufuria nje nikinge maji. Ila kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako mlima upo, nimeingia mwaka jana tu, nina miaka 34. Yani miaka yote hiyo mlima upo nyuma ya nyumba na mimi najua zaidi habari za Serengeti ambako sijawahi kufika.

Tulienda wanne wa kwaya, siku moja tu, kutembea kwa miguu kutoka geti la Momela mpaka maporomoko ya Tululusia. Lazima mtembee na askari wa hifadhi ana bunduki, yeye mbele nyie nyuma mstari mmoja. Nikadhani ni taratibu tu za ofisi. Hatujamaliza hata nusu saa tukakuta uwanda wa nyasi fupi umejaa nyati, weusi, wametulia, na wote wakainua vichwa kwa pamoja kutuangalia. Askari akasema simameni, msikimbie, msipige kelele. Tukasimama. Jamani nilisikia moyo wangu masikioni. Nyuma yao twiga watatu wanakula migunga kama vile hakuna kinachoendelea. Baadae nyati mmoja akapuliza pua wakageuka wote wakaondoka taratibu, na askari akatuambia kundi halina shida sana, wa kuogopa ni dume zee linalokaa peke yake kichakani.

Tangu siku ile nikiuangalia mlima kutoka nyumbani siuoni tena kama picha ukutani, najua kuna watu wake mle ndani. Ndo maana nimefungua uzi huu. Naomba kitu kimoja, usiniambie tu ulifika mita 4,562 saa ngapi. Niambie uliona nini.

Mgumu_mstaafu
Mwanangu umeuliza vizuri. Mimi nilibeba mizigo Meru na Kilimanjaro miaka kumi na minne, sasa magoti yamekataa niko na shamba langu la migomba. Wageni wengi wanaichukulia Meru kama mazoezi ya kwenda Kili, wanapita mbio. Mimi nasema kwa upande wa wanyama Meru haina mpinzani, Kili unaweza kutembea siku tano ukaona kunguru na panya wa kambini, Meru siku ya kwanza tu kabla ya chakula cha mchana umeshaona nyati, twiga, ngiri, pongo, nyani na mbega.

Nikueleze mbega. Ukilala kambi ya kwanza, Miriakamba, pale mita 2,514, alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri mbega dume mmoja anaanza kuunguruma, ni sauti nzito kama pikipiki iliyokataa kuwaka, halafu wa bonde la pili anajibu, wa tatu anajibu, mpaka msitu mzima unatetemeka. Wanaambiana tu hapa ni kwetu. Wageni wanatoka vyumbani wanauliza ni simba? Simba hakuna Meru, chui ndo yupo na fisi. Mbega hashuki chini hovyo, anakula majani huko huko juu, na akiruka ile manyoya nyeupe ya mgongoni inafunguka kama shuka. Mtoto wake anazaliwa mweupe mwili mzima. Nilimwona mmoja wa siku chache kifuani kwa mama yake juu ya mtarakwa, nikaweka mzigo chini nikasimama mpaka kiongozi akaja kuniita.

Usiku sasa kuna perere, pimbi wa mitini. Huyo ni mdogo kama sungura lakini kelele yake ni ya mtu anayechinjwa. Mpagazi mgeni lazima usiku wa kwanza amwamshe mwenzake.

Chalii_wa_Sanawari
Perere aisee!! Mimi nilijua ni mtu kaanguka korongoni, nimevaa buti tayari nikaokoe, wenzangu wakanivuta koti wakaniambia lala arifu

BintiNjiro
Mimi ni wa wale ambao hawakufika. Nilikuwa naumia kulisema ila kwa jinsi dada ulivyouliza acha niseme.

Siku ya pili tulifika kambi ya Saddle, mita 3,570, mchana mapema, na mchana huo huo tukapanda Meru Mdogo ambayo ni mita 3,820, ni kama saa moja hivi kwenda, nikawa niko sawa kabisa nacheka. Usiku saa saba tukaanza kwenda kileleni. Tulipofika Rhino Point, njiani kwenda kileleni, kichwa kinagonga, natapika, miguu haina habari na mimi, upepo unasukuma mtu pembeni. Kiongozi wangu hakubishana akasema tunarudi, mlima utakuwepo. Nikalia njia nzima mpaka Saddle.

Sasa nisikilizeni. Nikakaa kwenye jiwe nje ya kibanda nimejifunika blanketi, mpishi kaniletea chai ya tangawizi, na kukaanza kupambazuka. Mawingu yote yako chini yangu, meupe, yamelala kama bahari, na huko mashariki Kilimanjaro imetokeza peke yake, nyeusi kwanza, halafu pembeni ikaanza rangi ya chungwa, halafu jua likatoka nyuma yake. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Na wakati nimeduwaa hivyo mbuzi mawe wawili wakaja, wale wadogo wanaosimama kwa ncha za kwato kama wanavaa viatu virefu, wakapanda mwamba ambao mimi nisingeshika hata kwa mikono, wakasimama juu kabisa wakatazama na wao. Tulikuwa watatu tunaangalia jua. Wenzangu waliofika kileleni walirudi wanasema kulikuwa na baridi kali wakapiga picha kwenye kibao fasta wakashuka.

MamaTengeru
@BintiNjiro mdogo wangu umenitoa machozi. Hao mbuzi mawe na mimi nawataka.

Tichaa_Usa
Mimi uzoefu wangu ni wa chini, maziwa ya Momela, maana kila mwaka napeleka darasa la sita. Maziwa yako saba na watoto kitu cha kwanza wanachogundua ni kwamba rangi hazifanani, moja kijani, jingine buluu, jingine kama maziwa ya chai, na yako karibu karibu. Maji yanatoka chini ya ardhi na kila ziwa lina chumvi na madini yake, kwa hiyo mwani unaoota humo unatofautiana na ndege wanatofautiana. Heroe, hawa tunaowaita flamingo, wanafuata mwani wa kwenye maji ya magadi. Kuna miaka tumekuta ukingo wote pinki, kuna mwaka tumekuta kumi tu na watoto wakasikitika sana, ndege wanahama hawana ratiba ya shule.

Kuna mtoto mmoja aliniuliza, mwalimu maji yote haya kwanini mama anatembea mbali kuchota? Swali zito. Ikabidi tuongelee floridi pale pale, maana nusu ya darasa meno yana madoa ya kahawia na walikuwa hawajui kwamba yanatokana na huu huu mlima, miamba yake ya volkano inatoa floridi kwenye maji, na hayo ya Momela yamezidi kabisa. Yule mtoto akajigusa meno akautazama Meru muda mrefu.

Tena niliwaonyesha vile vilima vidogo vidogo vinavyozunguka maziwa. Hivyo ni vipande vya Meru. Ule mlima zamani ulikuwa mzima, maelfu ya miaka iliyopita upande wa mashariki ukaporomoka wote, mawe na matope vikamwagika mpaka upande wa Kilimanjaro, ndo maana ukiwa Momela unaona mlima uko wazi kama kiti kimevunjika mkono, na ukuta wa ndani unasimama kama mita 1,500. Katikati kuna kilima cha majivu kilichoota baadae, na mara ya mwisho kulipuka kidogo ni 1910. Bibi zetu wengine walizaliwa miaka hiyo. Watoto wakanyamaza kabisa.

Kiboroloni
Niko Moshi. Sisi Meru tunauona jioni jua likizama huko, pembetatu nyeusi. Sijapanda ila naomba niingize ya kwetu maana inafanana: kreta ya Maundi, kule Kilimanjaro. Unapanda kwa siku moja kutoka geti la Marangu, unafika kambi ya Mandara mita 2,720, unaongeza kama robo saa tu unatokea kwenye kreta ndogo ya nyasi, unaizunguka kwa miguu. Anga likiwa safi unaona Kenya, unaona ziwa Jipe linametameta chini, na nyuma yako kilele cha Mawenzi.

Ila mimi kilichonishika ni msituni kabla ya kufika, ua moja dogo jekundu na njano lina mkia uliokunjwa kama mkonga wa tembo. Kiongozi akasema hili dunia nzima linaota Kilimanjaro tu. Nilipita hapo mara tatu kabla sijaambiwa, nilikuwa nalikanyaga. Mama yangu ni wa Marangu, nikamwonyesha picha akasema hilo tulikuwa tunachezea tukienda kukata majani ya ng'ombe.

Mkulima_NgareNanyuki
Nawasoma wote. Mimi shamba langu lipo upande wa kaskazini, hifadhi iko pale naiona. Nyie mnaenda kuwatafuta wanyama, kwetu wanakuja wenyewe. Mwaka juzi tembo waliingia usiku kwenye mahindi yamekomaa, asubuhi nimekuta robo tatu ya heka imelala. Nilienda kuripoti ofisi inayohusika nikaandikwa jina, nikarudi mara mbili tena, sijapata kitu.

Lakini nitasema na la pili maana ni kweli. Babu yangu alikuwa anasema zamani wanyama walikuwa wanatoka Meru wanavuka uwanda mpaka upande wa Kilimanjaro, sasa njia zao zimejaa nyumba na mashamba, likiwemo la kwangu. Usiku ule nilikuwa na tochi na debe, nikawaona watano na mtoto mmoja. Yule mtoto alikuwa hajui kula mahindi, anavuta bua linamponyoka, anavuta tena. Nilikuwa na hasira ya kufa mtu na bado nikasimama kumwangalia. Sikupiga debe mpaka mama yake alipoanza kuondoka.

Mgumu_mstaafu
@Mkulima_NgareNanyuki pole sana kaka. Ulichosema ni kizito, watu wakipanda wakumbuke na nyie mnaolala chini na tochi.

Chalii_wa_Sanawari
Swali kwa wazoefu, mwezi gani mzuri na je ule mkuyu wa kupita katikati upo bado?

Mgumu_mstaafu
Upo kijana. Mizizi yake iliukaba mti mwingine zamani, mti wa ndani ukafa ukaoza, mkuyu ukabaki umesimama kwa miguu miwili na njia inapita katikati, tembo anapita. Simama chini yake usiseme kitu, utasikia hondohondo akiruka, mabawa yake yanavuma kama mtu anapiga shuka hewani. Mwezi, nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba, au Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei mvua za masika, njia ni utelezi mtupu na mlima hauonekani. Na beba koti zito hata kama Arusha mjini mnatoka jasho.

MamaTengeru
Asanteni sana, nimewasoma wote mpaka usiku. Kwaya imekubali, Julai tunarudi, safari hii tunalala Miriakamba, kiongozi tunamlipia wote kwa kuchanga. Mama yangu ana miaka 61 na yeye kasema anakuja, anataka kusikia mbega wakiamka. Nimemwambia juu hatuendi. Kajibu nani kakwambia nataka juu.

@Mkulima_NgareNanyuki tukishuka tutapita kwako kununua vitunguu kama bado unauza, niandikie ni gunia au ni debe.

Mkulima_NgareNanyuki
Vipo dada. Debe. Karibuni na mama, njooni mapema kabla ya saa kumi, jioni huku hatutembei njia ya mtoni.