Fundi kala 120,000 yangu ya kufunga faiawoli (kizuizi cha mtandao), ruta kaiacha mlango wazi!!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini, Chikongola, na waifai ya wateja. Msimu wa korosho watu wanajaa kuprinti, mtandao ukikwama mteja anavuka tu barabara kwa jirani. Madogo nao wanashinda kibarazani na TikTok, nikaona nimuite fundi anizuilie kwenye ruta, ni MikroTik. Akakaa dakika 40, akanywa soda yangu, "bosi tayari".

Tayari gani! Jioni ileile madogo wanacheka na TikTok kama kawa. Baadae mtandao ukawa mzito hadi saa 8 usiku duka limefungwa, taa za ruta zinawaka kama disko. Ikabidi niingie mwenyewe Winbox, programu ya kuseti ruta, nasoma huku najaribu, nilichokikuta nilitaka kulia.

Ruli za kuzuia TikTok kaziweka kwenye input!! Input ni ya vitu vinavyokuja kwa ruta yenyewe, simu ya mteja inapita tu kwenda nje, hiyo ni forward, yaani mimi muuza kalamu nimelijua hilo kwa usiku mmoja. Halafu juu kabisa kaweka accept, yaani ruhusu, ya kila kitu, wakati ruta inasoma toka juu kushuka chini na ikikuta ruli inayoendana haiendelei, kwa hiyo drop (zuia) zake zote za chini ni mapambo.

Balaa lenyewe sasa, zile ruli ruta ilizokuja nazo kafuta zote. Kwenye DNS, ile inayotafuta anwani za tovuti, katiki iruhusu maombi ya nje, poti 53, mlango wa hiyo DNS, iko wazi upande wa faiba, ruta yangu inajibu maswali ya dunia nzima, wahuni wanaitumia kushambulia watu, linaingia swali dogo linatoka jibu kubwa na aploudi yangu ndo inaliwa. Na paswedi ni admin123 jamani.

Nimempigia, eti niongeze 50,000 aje "kuapdeti".

Hiyo 53 ya upande wa faiba nimeidrop mwenyewe, udp na tcp (njia zote mbili za DNS), usiku uleule ruta ikatulia. TikTok bado inanisumbua, anayejua kuibana kwenye forward bila kuua WhatsApp za wateja aseme hapa. Na wewe fundi najua unapita humu, hela yangu naitaka kabla ya Ijumaa.