Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kusomea ununuzi na ugavi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne hapa Wete na anataka kusomea ununuzi na ugavi katika chuo cha ufundi, kuanzia cheti cha ngazi ya 4 hadi stashahada ya ngazi ya 6. Fani yenyewe naiona ina maana kwetu Pemba, ambako saruji, unga na dawa huvuka bahari kabla ya kufika dukani. Kinachonitia shaka ni mafunzo kwa vitendo: je, mwanafunzi akipelekwa bohari au bandari ya Mkoani hufundishwa kweli kupokea na kuhesabu mzigo, au huishia kubeba mafaili tu? Na mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), aifikirie mapema au atafute kazi kwanza?