Re: Kumpeleka mama Kampung Naga

> Habari zenu wapendwa. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi ujao, na anatamani kuona kijiji cha Wasunda, wenyeji wa Java Magharibi. Tupo Bandung, Indonesia. Kampung Naga panamfaa? Magoti yanamsumbua.

Salaam dada. Panamfaa, ila tuanze na hayo magoti. Kijiji kiko bondeni kando ya mto Ciwulan, na kutoka barabara ya Garut kwenda Tasikmalaya mnashuka ngazi zaidi ya 400. Kushuka si kazi, kazi kurudi. Fikeni mapema jua halijawa kali, na siku hiyo msipange jambo jingine.

Halafu msiende Jumanne, Jumatano wala Jumamosi. Siku hizo wenyeji wana mwiko wa kuzungumzia asili yao. Mimi nilikwenda Jumamosi, nikamuuliza mzee aliyetuongoza habari za 1956, kijiji kilipochomwa moto na waasi wa Darul Islam, waliotaka dola ya Kiislamu. Akatabasamu tu, akanionyesha paa la ijuk, nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya minazi. Nikanyamaza. Nilirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata, ndipo akanisimulia.

Mama hatajiona mgeni sana: kuta za mianzi iliyosukwa, jiko la kuni, kinu na mchi. Umeme wameukataa wenyewe, kwa hiyo simu zijazwe chaji kabla. Nyumba hazina mlango wa nyuma, maana wanaamini riziki ikiingia kwa mbele itatoka kwa huo wa nyuma. Bumi Ageung, nyumba yao takatifu, msiipige picha kabisa.

Mfundisheni mama neno moja: punten. Ukipita mbele ya watu waliokaa, unainama kidogo, unatanguliza mkono wa kulia, unasema punten. Watajibu mangga. Ni hodi na karibu zetu zile zile! Mwanangu alilisema mlangoni kwa bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mchele. Bibi akaweka ungo chini, akamfuta vumbi usoni kwa kitenge chake, akamkalisha pembeni yake. Tuliondoka pale kwa shida.

> Ahsante sana kaka, Mungu akubariki. Na choo je?

Vyoo vyao viko nje ya uzio, vya mianzi, juu ya mabwawa ya samaki. Kwa magoti ya mama ni taabu kuchuchumaa humo. Ajisaidie huko juu kabla hamjashuka.