Wapiga picha wa Dar, siku gani kamera ilikutia adabu? Tupeane uzoefu

Jicho la Tabata (mleta mada)

Wakuu kwema? Nimepotea jamvini tangu Ramadhani, wengine mkaanza kuulizana kama nimeuza vifaa. Sijauza. Nilikuwa nimelala sakafuni.

Nilikuwa na sendofu ukumbi mmoja Sinza. Mnazijua hizi: kadi inasema saa kumi na mbili, mtarajiwa anaingia saa tatu na nusu, keki inakatwa watu wameshaanza kuita bodaboda. Shingoni nina bodi, yaani kamera yenyewe, yenye lenzi ya 24-70, begani nyingine yenye 70-200. Kwa wasioijua hiyo 70-200 ya f/2.8, lenzi peke yake inakaribia kilo moja na nusu. Weka bodi, weka flashi, yote bega moja, masaa sita.

MC akamwita mama mzazi alishwe keki. Nikachuchumaa nipate ile pembe ya chini. Nikapiga tatu. Kunyanyuka, kitu kikalia kiunoni kama ufito umevunjika. Nikaganda pale pale, goti moja chini, mbele ya meza kuu. Watu wakadhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. MC naye akadaka: "Mwoneni kameramani wetu, leo anapiga hadi magoti!" Jasho linanitoka kama nimemwagiwa ndoo. Aliyeniokoa ni kijana wa muziki, alinishika kwapani akanitoa nje kama mlevi.

Daktari akasema si pingili, ni misuli imechoka kubebeshwa upande mmoja, halafu na hiki kitambi kinavuta mbele. Kitambi cha pilau la saa tano usiku, nyie wenyewe mashahidi.

Sasa natembea Daraja la Tanzanite kila Jumanne na Jumamosi alfajiri. Kukimbia bado. Kitandani nilipata muda nikaachana na Lightroom ya kukraki ya kuhariria picha, nimehamia darktable, ya bure kabisa na halali. Wiki mbili za mwanzo ngozi za watu zilikuwa zinatoka rangi ya tofali la kuchoma, nikataka kulia, sasa hivi mkono umezoea. Na nimeacha kurusha picha za wateja usiku ule ule wa shughuli. Hiyo ina kisa chake, nitakileta.

Tupeane uzoefu. Ilikukuta wapi?

Kivuli cha Mwembe

Hilo goti la keki nimecheka mpaka abiria wa mwendokasi wananiangalia. Pole mkuu.

Mama Albamu

Pole mwanangu. Mimi nimeanza na filamu, picha 36 zikiisha zimeisha, unapeleka kusafisha unakaa na roho mkononi. Tulikuwa na kamera moja, lenzi moja, na kiuno kimoja mpaka leo. Nyie mnabeba duka zima. Nani kakutuma ubebe bodi mbili kwenye sendofu?

Kiuno Chuma

Mama Albamu umemaliza. Ila wanaolazimika kubeba, tafuteni mkanda wa mabega mawili, ule kamera zinaning'inia ubavuni. Kariakoo upo. Halafu mazoezi ya tumbo kila siku, lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko, hesabu mpaka sitini. Mgongo unashikiliwa na tumbo, watu hawajui.

Mpemba wa Magomeni

Mgongo supu ya pweza. Mengine mnajisumbua.

Mdogo wa Kimara

Shikamooni wakubwa. Laptopu yenye ramu ya GB 4 inabeba hiyo darktable?

Fundi Mstaafu

Mleta mada umekimbilia darktable ya nini? Lightroom ni Lightroom. Kuna kijana mtaa wa Aggrey anakuwekea Lightroom na Photoshop zote kwa elfu kumi, hutoi senti tena maisha yako yote.

Kadi Mbili

Fundi Mstaafu, kijana kama huyo aliniwekea na mgeni ndani, kirusi. Asubuhi nawasha mashine, kila faili limebadilishwa jina, mkiani limeongezewa herufi nne nisizozijua, na kwenye folda wameniachia barua nilipe dola. Harusi mbili na ubatizo mmoja ndani. Kilichoniokoa ni kwamba bodi yangu ina sehemu mbili za kadi na kadi ya pili sikuwa nimeifuta. Tangu siku hiyo nalipia kwa mwezi. Adobe walishaacha kuuza ile ya kununua mara moja, ya mwisho ilikuwa Lightroom 6 ya 2015. Inauma, lakini nalala.

Fundi Mstaafu

Unalipia kila mwezi ili upunguze chunusi za watu? Haya.

Kadi Mbili

Nalipia ili nisije kuwaambia watu kwamba harusi yao haipo.

Zege Halilali

Mgongo unapona jamani. Ngojeni niwape ya kwangu, hata mke wangu sijamwambia yote.

Mwaka juzi nilipiga harusi Mbezi. Baada ya wiki dada mkubwa wa bibi harusi akanipigia. Ile picha ya familia, inayochapwa kubwa kutundikwa sebuleni, kuna mtu hawamtaki. Mume wake yeye mwenyewe. Walikuwa kwenye ugomvi mzito, mambo ya vikao na wazee. Nikamtumia picha kwa simu, ndogo tu, nikamuuliza ni yupi hasa maana walikuwa kumi na nne. Akanirudishia kazungushia duara jekundu kichwani kwa mtu. "Huyu. Mtoe."

Nikamwambia dada, amesimama katikati, mkono kauweka begani kwa mzee. Akasema ataongeza elfu hamsini.

Nikamtoa. Kazi ya usiku kucha. Nikachukua kipande cha pazia nikafunika pale alipokuwa, nikalitengeneza bega la mzee upya kwa kuligeuza lile la kushoto. Ilitoka safi. Kilibaki kivuli kidogo cha kidole kwenye kola ya mzee, nimekiona picha imeshachapwa. Hakuna mwingine aliyekiona.

Nikafanya tunachofanya wote humu. Mteja kachukua albamu, hadidiski imejaa, nikafuta RAW zote, yale mafaili ya asili ya kamera.

Mwezi wa nane, saa kumi na moja alfajiri, simu. Dada yule yule. Kimya, nasikia pumzi tu. Halafu: "Kaka, ile picha kabla hujamtoa, unayo?"

Shemeji alikuwa amepata ajali ya pikipiki usiku ule. Hakufika hospitali.

Picha za nyumbani dada alishazichana mwenyewe kipindi cha ugomvi. Simu ya marehemu imesagika. Kwenye zile nyingine za harusi yupo, ila kwa mgongo, au nusu sikio nyuma ya mtu, alifika kachelewa. Iliyokuwa nzuri, ya suti, anacheka, ni hiyo moja.

Nikachukua kadi zile zile nikazipitisha kwenye PhotoRec. Inarudisha vilivyofutwa, lakini nilishapigia shughuli nyingine tatu juu yake. Nikampata kipande. Kuanzia nywele mpaka puani ni yeye. Kuanzia puani kushuka ni keki ya harusi ya watu wengine.

Ikabaki ile ya kwenye simu, yenye duara.

Nikakaa usiku mwingine mzima, safari hii nafuta duara. Wino mwekundu ulikuwa umepita juu ya paji la uso na shavu la kulia, pale ngozi nilibuni mimi. Tukaichapa, ikatoka chenga, ndiyo iliyowekwa mbele ya jeneza. Nilienda, nikakaa nyuma kabisa kwenye viti vya kukodi. Hakuna aliyesema ni chenga. Dada alipita karibu yangu hakuniangalia. Ile elfu hamsini niliitia kwenye rambirambi.

Kivuli cha Mwembe

Daah.

Jicho la Tabata

Mkuu. Sina neno.

Fundi Mstaafu

Chai hii, tena ya rangi. Mtu mzima Dar hii hana picha nyingine? Facebook? Ya pasipoti?

Zege Halilali

Ya kitambulisho ilikuwepo. Ungependa wewe uagwe na uso wa kitambulisho?

Mama Albamu

Wewe Fundi Mstaafu una adabu ndogo. Mtu kaleta msiba wewe unaleta majani ya chai. Ila na wewe Zege nikwambie kama mama yako, mimi hasi zangu zote za filamu ninazo, ziko kwenye maboksi ya viatu uvunguni. Unafutaje asili ya kazi yako?

Zege Halilali

Mama, boksi la viatu halijai kama hadidiski. RAW moja kwangu ni MB 28. Harusi moja napiga 2,000. Hiyo ni GB 56 kwa Jumamosi moja, na zikiwa shughuli tatu kwa mwezi piga hesabu wewe.

Kadi Mbili

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja isikae nyumbani kwako. Yangu ya tatu iko kwa mama mkwe Gongo la Mboto, anadhani ni redio.

Mpemba wa Magomeni

Andika kwenye mkataba, siku 90 nafuta. Akija baada ya hapo ni yake. Huwezi kuwa makumbusho ya kila familia ya Dar.

Kadi Mbili

Mkataba gani? Nusu ya kazi zako unapewa kwa "mwanangu njoo Jumamosi".

Mpemba wa Magomeni

Usinijue sana.

Tuli Wakati Wote

Hamuoni kosa ni kukubali kumfuta mtu aliye hai? Mimi nafuta chunusi, nafuta chupa ya maji mezani, nafuta waya wa umeme. Binadamu hapana. Nilishakataa kazi ya laki mbili kwa hilo.

Fundi Mstaafu

Laki mbili ya kufuta mtu mmoja? Nipe namba yake.

Bi Kona ya Chini

Mimi nilikuja kwa ajili ya hii ya kurusha mtandaoni. Nilirusha picha ya bibi harusi ikiwa na ukubwa wake wote, jina langu nimeliandika kwenye kona. Miezi minne baadaye nipo kwenye daladala Mwenge naona bango la saluni. Bibi harusi wangu, futi sita kwenda juu, na jina langu wamelikata katikati, limebaki "na ya Chini". Bibi harusi ndiye aliyenijia juu, alidhani nimemuuza.

Sasa narusha pikseli 1080 upande mpana, kwa Instagram zinatosha, na mwizi akitaka bango atapata chenga. Jina silipeleki kona tena, linakaa karibu na kiuno cha mtu, wakate tuone. Na mteja ukimtumia kwa WhatsApp tuma kama faili, usitume kama picha, inabanwa.

Tuli Wakati Wote

Kwenye mkataba weka mstari wa ruhusa ya kurusha, hasa wakiwepo watoto. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi, na uso wa mtu ni taarifa yake.

Kivuli cha Mwembe

Mleta mada ulisema utaleta kisa cha kurusha usiku ule ule. Tumekaa paleee.

Jicho la Tabata

Baada ya Zege hiki changu ni utani. Nilirusha keki kwenye stetasi saa nne usiku, ukumbini hata haijaletwa, kumbe ilikuwa ya kumshtukiza mama. Mama alikuwa na namba yangu. Basi.

Kiuno Chuma

Turudi kwenye afya. Kutembea daraja ni kuzuri lakini kitambi hakitoki kwa kutembea peke yake. Usile ukumbini. Kula nyumbani saa kumi na moja jioni, ukumbini maji tu.

Bi Kona ya Chini

Masaa sita bila kula na wapishi wananiita "dada kamera njoo"? Huyu hajawahi kupiga harusi ya Kichaga.

Mpemba wa Magomeni

Pweza.

Jicho la Tabata

Kiuno Chuma, mimi nimekubaliana na mwili: nakula, ila nyama na kachumbari, wali vijiko vitatu. Kilo nne zimetoka tangu Ramadhani. Na nabeba bodi moja, Mama Albamu usinicheke. Jumamosi nipo upande wa Coco saa kumi na moja na nusu alfajiri, anayetaka aje. Asije na kamera, tutasimama kila hatua tatu kupiga jua linachomoza.

Zege Halilali

Wakuu, nimerudi. Dada kanipigia leo mchana, mara ya kwanza tangu mazishi. Anataka ile ya sebuleni nimrudishe shemeji pale pale alipokuwa, mkono begani kwa mzee. Anasema atalipa. Ninachonacho ni kile kichwa cha chenga, na mkono sina. Bega la mzee lenyewe ni la kwangu la kutengeneza.

Mama Albamu

Usimtoze.

Tuli Wakati Wote

Nadhani ukatae mkuu. Mwambie ukweli tu.

Kadi Mbili

Tafuta mtu aliyepiga kwa simu dakika ile ile. Kwenye picha ya familia lazima yupo shangazi nyuma yako na simu juu. Kamati ya harusi walikuwa na kundi lao, anzia humo.

Zege Halilali

Shangazi. Hilo sikulifikiria. Ngoja.

Mdogo wa Kimara

Samahanini wakubwa, ile ramu 4?

Jicho la Tabata

Itafungua mdogo wangu. Ukishabonyeza, nenda kabandike maharage.