Naomba ushauri: mama anasafiri kwa ndege kutoka Mtwara hadi Mwanza, nimpangie muda gani Dar es Salaam?

Kijana wa Shangani:
Wanajamvi, habari za leo. Mama yangu mzazi, ambaye umri umesonga na miguu yake huvimba akikaa kitako muda mrefu, anatarajia kwenda Mwanza kumwona dada yangu aliyejifungua. Naomba kujulishwa umbali wa viwanja hivyo viwili kwa njia ya anga, muda atakaokuwa hewani, na kama saa moja ya kubadilisha ndege Dar es Salaam inamtosha mtu ambaye hajawahi kupanda ndege.

Msafiri wa Kusini:
Ndugu, kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,190. Akipitia Dar es Salaam, kutoka Mtwara hadi Kiwanja cha Julius Nyerere ni kama kilomita 400, na kutoka hapo hadi Mwanza ni 850 hivi, kwa hiyo nyongeza ni kilomita 60 tu na mama hazungushwi kama wengi wanavyodhani. Kipande cha kwanza huchukua saa moja hivi, cha pili kama saa moja na nusu. Usigawanye kilomita kwa mwendo wa ndege ukaridhika na jibu, kwa sababu hata ile ya pangaboi inayoweza kupita kilomita 600 kwa saa haifikii kasi hiyo inapopanda na inaposhuka, na ratiba huhesabu pia muda wa kutembea ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Bibi wa Mikindani:
Mwanangu, saa moja haitoshi hata kidogo. Mwachie saa tatu. Ndugu yangu alikatiwa tiketi mbili za mashirika tofauti, ndege ya kwanza ikachelewa kuondoka Mtwara, na ya pili ikaondoka bila yeye. Tiketi ikapotea na akalazimika kulala Dar es Salaam bila kujiandaa. Mkatie tiketi moja inayofika Mwanza, ili wakichelewa jukumu la kumfikisha liwe lao, kisha uulize kama mizigo itapokelewa hukohuko Mwanza. Kiti cha magurudumu kiombwe siku ile ile ya kukata tiketi. Jambo jingine, ambalo naliona likiwasumbua wazee wetu sana: jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho cha Taifa, si lile tunalomwitia nyumbani.

Mwana Lindi:
Asije mtu akakushauri basi hadi Dar es Salaam ili kupunguza gharama. Ni kama kilomita 560 za kukaa kitako, na mvua za Mei 2024 zilipoikata barabara ile upande wa Kilwa, abiria walikwama.

Muuguzi wa Ligula:
Kaka, kabla ya kulipia chochote, mlete mama hospitali apimwe ijulikane miguu inavimba kwa sababu gani. Akiruhusiwa kusafiri, mwombee kiti cha kando ya njia ili asimame na kutembea kidogo, anywe maji, na akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu mara kwa mara. Zile saa tatu za Dar es Salaam asizimalize zote kwenye kiti. Ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma, asipande ndege mpaka daktari amwone, hata kama tiketi ni ya siku hiyo.