Mkono wa mzee wenye fistula umekuwa wa baridi, tusubiri au?

Mtotowapili: Wakuu naombeni ushauri. Mzee wangu ana kisukari cha siku nyingi, saivi yuko dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) mara 3 kwa wiki masaa 4 kila kikao, fistula, ule mshipa wa kuunganishia mashine, walimtengenezea kwenye kiwiko mkono wa kushoto. Sasa vidole vya mkono ule vimekuwa vya baridi, vimepauka, ganzi haiishi na akishawekwa kwenye mashine ndo balaa, saa la pili tu ananiomba nimsugue. Juzi kashindwa kufunga vifungo vya shati. Naambiwa mvalishe glovu, nimemvalisha, ila kuna kidoa cheusi kimetokea ncha ya kidole cha shahada, hicho ndo kinaninyima usingizi.

FigoZimegoma: Pole sana, hiyo ilinikuta. Fistula inaiba damu, maana ateri imeunganishwa na vena kwahiyo damu inakata njia ya mkato inarudi zake juu, vidole vinabaki na njaa. Ya kiwikoni huiba zaidi kuliko ya kifundo cha mkono, na wenye kisukari ndo huumia zaidi kwa sababu vimishipa vya chini vishachoka. Mimi walinipunguzia upana wake, mkono ukapata joto na naitumia mpaka leo.

Bibi_Kizee: Mkandeni na chupa ya maji ya moto

NesiWaZamu: Hapana bibi, mwenye ganzi ataungua bila kujua!! Mtoto wa mzee, glovu ni kwa ubaridi mdogo tu. Weusi na mkono kukosa nguvu husubirii kliniki, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa mishipa, apigwe dopla, kipimo cha kuona damu inavyopita. Atabana fistula kidogo aone kama mapigo ya kifundoni yanarudi, wewe usijaribu, unaweza kufanya damu igande ndani yake ikazibe.

Mtotowapili: Wataifunga kabisa?

NesiWaZamu: Ikibidi ndiyo, atatumia katheta (mrija wa kwenye mshipa mkubwa) kwanza. Bora fistula iende kuliko vidole. Na uliza fosfeti yake (madini ya kwenye chakula) kwenye damu, ikikaa juu kalsiamu inajijenga kwenye kuta za ateri zinakakamaa, vile vidonge vya kuzuia fosfeti anywe pamoja na chakula, wengi wanameza masaa baadae halafu wanalalamika havifanyi kazi.

Mtotowapili: Duh, yeye humeza usiku akienda kulala. Nakipiga picha hicho kidole sasa hivi, asubuhi naanza na daktari kabla ya mashine.