Roki imekufa, au bendi ndiyo inayokata roho?

Besi wa Walukuba

Ndugu zangu, nisaidieni kumaliza ubishi ulionishinda ndani ya taksi.

Jumamosi tulipiga kwenye harusi Bugembe, hapa hapa Jinja. Tuko watano: magitaa mawili, besi (ndiyo mimi), dramu na mwimbaji. Mwenye shughuli alitupa dakika ishirini, baada ya chakula na kabla ya keki. Tukafungua na nyimbo zetu za roki. Wageni wakatutazama kama watu waliokuja kusoma mita ya umeme: hawana ubaya na sisi, wanangoja tu tuondoke. Kisha DJ akawasha laptopu, amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini, ikaingia, na nyanya yake bibi harusi akanyanyuka kitini bila kushikwa mkono. Tukiwa njiani, mpiga dramu wetu, kijana wa miaka 24, akaniambia: "Kaka, roki ilishakufa. Sisi tu ndio hatujaambiwa msiba uko wapi."

Wanaotangaza msiba huu huja na vielelezo viwili. Cha kwanza ni mwaka 2017, kampuni ya Nielsen inayohesabu usikilizaji wa muziki Marekani iliposema hip hop na R&B kwa pamoja zimeipita roki kwa mara ya kwanza. Cha pili ni Mei 2018, Gibson, watengenezaji wa magitaa, walipokimbilia mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Hicho cha kwanza sikipingi. Cha pili kina uongo ndani yake. Gibson hawakuangushwa na gitaa. Walizamishwa na madeni ya kununua biashara ya redio na vifaa vya sauti vya majumbani, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameshasimama tena. Halafu 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, Fender, watengenezaji wengine wa magitaa, wakauza magitaa kuliko mwaka wowote wa nyuma. Sasa marehemu gani huyu anayeagiza nyuzi mpya?

Mimi nasema kinachokata roho ni bendi. Hesabu zangu hizi hapa. Harusi ile tulilipwa laki nne. Ondoa elfu themanini za gari la kubeba dramu na spika, ondoa elfu arobaini za mafuta ya jenereta, tukagawana elfu hamsini na sita kila mtu, baada ya mazoezi ya wiki mbili. DJ alikuja kwa boda na begi mgongoni, akaondoka na laki tatu peke yake. Hata mngekuwa mnapiga muziki wa malaika, kwa hesabu hiyo malaika watano watashindwa na mmoja mwenye laptopu.

Haya, nipingeni.

DJ wa Busia

Kaka Besi, pole na harusi, lakini usitusukumie sisi wenye laptopu lawama. Mimi napiga muziki mpakani mwa Kenya na Uganda, sehemu wanapolala madereva wa malori wakisubiri kugongewa makaratasi. Wanatoka Mombasa, wanakwenda Kampala, Juba, Kigali. Mwaka wa saba huu. Nimeombwa rumba, nimeombwa bongo fleva, nimeombwa nyimbo za mwimbaji wetu Chameleone za zamani zile za Kiswahili. Kuna mzee mmoja wa trela, kila akipita lazima Kenny Rogers na Dolly Parton, wale wa country ya Marekani, na ole wako umkatie katikati. Roki? Hata siku moja. Hata kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu msiba. Kwetu Uganda roki haikufa. Haikuzaliwa. Na bendi zenyewe mbona zipo? Afrigo wapo tangu 1975, mzee Moses Matovu na saksafoni yake, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuwaona. Kwa nini? Kwa sababu wanachezesha. Ninyi mnataka watu wasimame wakitikisa vichwa. Mganda amelipa pesa yake, kiuno kimekaa bure?

Boda wa Amber Court

Mimi abiria akiniambia niwekee roki kwenye redio ya pikipiki nitamwomba ashuke. Makelele ninayo ya kutosha barabarani.

Ila hilo gitaa mnalolililia, mmelisahau hapa nyumbani. Kadongo kamu je? Jina lenyewe ni gitaa moja dogo. Mtu mmoja, gitaa moja, anakusimulia kisa mpaka mteja unamsahau. Paul Kafeero, gwiji wa muziki huo, alifariki 2007 na bado namsikia kila kafunda, kila kibaa cha mtaani, ninakoshusha watu. Huyo hakuhitaji gari la dramu. Besi, hesabu yako imejibiwa zamani.

Mama wa Kwaya

Wanangu, mnaitafuta maiti na kanisani hamjafika.

Dramu ziko wapi Jinja nzima? Kanisani. Besi, ampu, magitaa ya umeme, yote tumeyanunua sisi kwa harambee na kuuza chapati. Kijana huyo wa miaka 24 nathubutu kusema alijifunzia kwenye dramu za kanisa fulani, akatoroka nazo mikononi. Nenda ibada ya vijana Jumapili saa nne uwasikie wanavyofungua sifa: gitaa linanguruma, dramu zinakimbia, watoto wanaruka. Badilisha maneno tu.

Na msione ajabu. Mwanamke aliyewafundisha hao wazungu wenu kupiga gitaa la umeme kwa fujo alikuwa wa kanisani, mwanamke mweusi wa Marekani, Sister Rosetta Tharpe. Miaka ya 1940 alikuwa amevaa gauni lake, gitaa begani, anamwimbia Bwana, wakati Elvis, mfalme wenu wa roki, bado mtoto wa shule. Mjukuu wangu alinionyesha video yake kwenye simu. Niliirudia mara tatu, sufuria ya maharage ikaungua.

Mzee wa Hisabati

Nimewasoma wote. Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, maana huyu DJ anasema jambo lisilozaliwa kwetu kama vile haliwezi kuzaliwa kwa Mwafrika.

Miaka ya sabini, tulipokimbia nchi hii kwa sababu mnazozijua, mimi nilipata kazi ya ualimu Zambia, upande wa migodi ya shaba. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa Zambia, karibu wote, asilimia 95. Redio ikiagizwa hivyo, lazima vijana waingie studio. Wakaingia na magitaa ya umeme yanayokwaruza kama msumeno, wakayachanganya na mapigo ya kwao. Baadaye walimwengu wameuita Zamrock. Bendi kubwa iliitwa WITCH, mwimbaji wake Emmanuel Chanda, kwa jina la jukwaani Jagari. Vijana wa migodini walikuwa wakijaa ukumbini hadi madirishani. Wanafunzi wangu walikuja darasani Jumatatu wakiwa hawana sauti, na wale wa viti vya nyuma walipiga madawati wakati naeleza milinganyo.

Kisha ikafa, na hapa nakubaliana na Besi kuhusu hesabu. Bei ya shaba ilianguka, mifuko ya watu ikakauka, kanda za wizi zikajaa sokoni, na baadaye UKIMWI ukapita. Wanamuziki wengi wa kizazi kile walizikwa. Jagari mwenyewe akaenda kuchimba vito. Huo ndio msiba halisi, wenye makaburi. Lakini santuri zao zikaja kufukuliwa na wakusanyaji wa ng'ambo, zikachapishwa upya, na mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, Jagari mzee kama mimi, anazunguka Ulaya na Marekani akiimba mbele ya watoto wa wajukuu.

Huwa namsikiliza asubuhi nikinyoa ndevu. Mke wangu anadhani nazeeka vibaya.

Kijana wa Gulu

Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama.

Besi, nakupinga pale pale unapojiona umeshinda. Huku kwetu Acholi, kaskazini mwa Uganda, muziki wa harusi ulikuwa wa kundi kubwa: vibuyu, nanga (ala yetu ya nyuzi), wacheza ngoma ya larakaraka kibao. Baada ya vita hakuna aliyekuwa na pesa ya kulisha kundi lote hilo. Mafundi wakachukua kompyuta, wakaingiza mapigo yale yale, wakayaongeza kasi. Otim Alpha aliyekuwa mwimbaji wa harusi akawa na mtu mmoja tu wa mashine, na muziki ukaokoka. Mwaka 2017 nyimbo zao zilitoka kwenye albamu kupitia lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala (jina ambalo sisi wa Kiswahili tunalitamka tukitazama chini, ingawa kwa Waganda ni ile hamu tu ya kucheza ngoma). Kwa hiyo laptopu hiyo hiyo unayoilaani ndiyo iliyotuzuia tusizike mali ya babu zetu.

Na ukali wa roki umehamia huko huko. Duma ni vijana wawili wa Nairobi waliotoka kwenye metal, ile roki nzito, wakarekodi Kampala, albamu ikatoka 2020. Dramu za mashine, na sauti ya mtu anayepiga kelele kama nyumba inaungua. Singeli ya Dar nayo, kasi ile, watoto wa uswahilini, vifaa vya bei poa, wazazi wamekasirika. Kama hiyo siyo roki, basi roki ni nguo tu. Hata serikali iliikasirikia ipasavyo: 2018 waziri wa maadili alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege hapo kwenu Jinja, kisha likaruhusiwa. Bendi yako ya harusi imewahi kupigwa marufuku na nani?

Besi wa Walukuba

Na mama mwenye nyumba, mara mbili.

Kijana wa Gulu umenibana, nakiri. Lakini niachie kitu kimoja. Black Sabbath, ile bendi ya roki nzito ya Birmingham, Uingereza, gitaa lao lina ule uzito kwa sababu mpigaji wake, Tony Iommi, akiwa na miaka 17 alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alijitengenezea kofia za vidole kwa chupa ya plastiki aliyoiyeyusha, akatafuta nyuzi nyepesi, baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Ule mngurumo mzito dunia nzima imeuiga kutoka kwa mtu aliyekuwa anakwepa maumivu. Mimi nimekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda, baba yangu alikuwa kiwanda cha nguo. Alikuwa na masikio mabovu na vidole vizima. Nikisikia gitaa lile nasikia kiwanda, sisikii Uingereza.

Besi yangu mwaka jana ilikatika uzi mnene. Dukani Kampala waliniambia bei nikacheka. Nikachukua waya wa breki ya baiskeli, nikaufunga. Unatoa mlio wa hovyo, unakwaruza, unapanda na kushuka jua likiwaka. Wimbo wetu mmoja umejengwa juu ya kosa hilo, na mpaka leo hatuwezi kuupiga kwa uzi mzuri. Laptopu inaweza kuniletea mlio huo, sikatai. Lakini ingeujuaje wa kuuleta?

Boda, kadongo kamu naiheshimu, ila Kafeero alikuwa Kafeero. Mimi nikisimama peke yangu na besi watu watadhani najaribu spika.

Mama wa Kwaya, ni kweli, alijifunzia kwenu. Anasema vijiti viwili bado anavyo na atavirudisha.

DJ wa Busia, wewe ndiye nakutaka. Ijumaa ijayo tunakuja huko. Tupe dakika ishirini, katikati ya Kenny Rogers na amapiano. Hatutaki malipo. Wewe waangalie madereva usoni tu, kisha useme hapa ulichokiona.

DJ wa Busia

Njooni. Mzee wa trela atakuwepo, nimeshamwambia. Jenereta mje na lenu.